Likelemba ya Kitabu cha Sita

Jumamosi, tarehe 5 Julai 2025

Kitabu cha sita kimefika! Nakala moja tu. Imetoka Ulaya ndani ya sanduku la shemeji yake Yaya Léonie, dada mkubwa wa chama chetu cha wasomaji, katikati ya viatu na sabuni. Pembe ya jalada imekunjika. Nimeigusa kwa kidole.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikiwa maarufu, naeleza. Riwaya za Dunia Zisizokutana ni tano mpaka sasa. Kila moja ina dunia yake, na kila dunia ina uchawi wake. (Mama amenikataza kutamka neno hilo sokoni. Tulishapoteza mteja. Nasema "nguvu".) Katika dunia ya kwanza watu hupata nguvu kwa kushinda na njaa. Katika ya pili, kwa kutaja majina ya waliokufa. Katika ya tatu, kwa kubeba maji ya mvua bila kumwaga hata tone, na kadhalika. Hakuna barabara kati ya dunia hizo. Hakuna daraja, hakuna hata forodha. Lakini Tirva, yule mama muuza chumvi mwenye kapu, anatokea katika vitabu vyote vitano! Anavukaje? Mwandishi ameahidi kwamba kitabu cha sita kitajibu.

Mimi jibu ninalo tayari. Nadharia ya Mzigo, ya Abibu, yaani mimi. Nguvu zote ni moja, nayo ni uzito. Anayeshinda na njaa anapunguza uzito wa mwili. Anayetaja marehemu anapunguza uzito wa moyo. Tirva anabeba chumvi ili mizani yake ilingane na ya dunia anayoiendea. Zikilingana, anapita. Niliigundua nikipima maharagwe kwenye mizani ya Mama. Ni rahisi, ni nzuri, ni ya kweli.

Dominique anapinga. Dominique ni mwalimu wa hesabu, mtoto wa watu wa Kasai, shati lake limepigwa pasi hata siku ya kupumzika. Yeye ana Nadharia ya Kilio: eti mpaka wa dunia hulainika pale watu wanapolia, kwa sababu Tirva kila mara hutokea karibu na msiba. Nimemwambia kwamba katika riwaya hizi watu wanakufa ovyo, na Tirva hutokea pia karibu na chakula. Kwa hesabu hiyo, bukari, ugali wetu, nayo ni mlango! Watu walicheka sana. Dominique naye alicheka. Ndiyo tabia yake mbaya.

Basi. Chama chetu ni watu tisa. Tunakutana Karavia, kwenye terasi moja ambapo tunaagiza soda chache na kukaa sana. Kitabu tunakisoma kwa likelemba, kama akina mama wanavyofanya na fedha zao: kila mtu na zamu yake, wiki moja, kisha kinakwenda kwa mwenzake. Yaya Léonie ndiye anayeisimamia. Ni muuguzi, hana mchezo. Leo tulipiga kura ya zamu, karatasi ndani ya kofia.

Wa kwanza: Dominique. Wa nane: mimi.

Wa nane! Nyuma yangu yuko Ruphin peke yake. Zamu zinaanza Jumamosi ijayo. Wiki saba za kumtazama Dominique akijua nisichokijua! Tumeapa kwamba aliyesoma hatasema kitu, lakini uso wa Dominique husema. Haiwezekani. Mwenye nadharia sahihi ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kuiona imechapishwa.

Jumapili, tarehe 6 Julai

Likelemba yoyote ina kanuni ambayo kila mtu Lubumbashi anaijua: mwenye shida anapewa mbele. Shida zinazokubalika ni ugonjwa, ndoa na kilio, yaani kufiwa. Nimezitafakari asubuhi nzima.

Ugonjwa. Nilikohoa mbele ya dada yangu Chadia ili kujaribu. Akauliza kama mgonjwa ndiye yule aliyemaliza sufuria ya sombe ya familia jana. Ugonjwa umefutwa.

Ndoa. Inahitaji mwanamke. Imeahirishwa.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Mpango umekamilika. Kilio!

Si kilio cha kweli, Mungu apishe mbali. Kilio cha maneno tu. Nitamwambia Yaya Léonie kwamba nimefiwa, kwamba usingizi siupati, na kwamba kitabu kingenituliza. Sitataja jina. Heshima itamzuia kuuliza.

Nilimdokezea Chadia kidogo sana. Akasema akili nyingi huondoa maarifa. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Nimempigia Yaya Léonie. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani amekufa.

Hapo ndipo mtu mwenye kipaji anapojulikana. Sikusita. Nikasema Baba Mkubwa Moussa wa Kipushi. Chaguo bora kabisa! Ni kaka wa marehemu baba yangu, anauza mchele na unga kule karibu na mpaka. Hajatia mguu hapa Hewa Bora kwa miaka, anasema vumbi la barabara linamharibia kifua. Chama hawamjui, majirani wamemsahau. Na afya yake ni ya fahali, kwa hiyo maneno yangu hayawezi kumdhuru. Nikaongeza kwamba sisi Waislamu tunazika upesi, kwamba ameshazikwa Kipushi, kwamba asisumbuke mtu yeyote.

Yaya Léonie akasema pole kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Dominique ameshakubali kunipisha. Kitabu kitafika kwangu kesho.

Nimeandaa kiti, thermos ya chai na mto wa mgongo.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Siku mbaya. Naandika nikiwa katika stoo ya Mama, kati ya magunia. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Nilimngoja Yaya Léonie aje peke yake, aache kitabu, aende zake. Nilisahau jambo moja dogo: hapa ukisema una kilio, watu wanakuja kulia.

Walikuja wote wanane! Dominique mbele, ameomba ruhusa shuleni. Alileta turubai, viti vya plastiki vya kukodi na matawi ya mti. Kabla sijapata neno, alikuwa ameshakwenda kuyaweka matawi kwenye kona ya barabara yetu, kama desturi, ili magari yapunguze mwendo na watu wajue. Watu wakajua! Mama jirani wa ng'ambo alianza kulia akiwa bado kwake, akavuka barabara akilia, akafika akilia, na hakujua hata ni nani amekufa. Wanaume wakawasha makaa. Mtu akabandika chai, akaijaza kwenye thermos yangu.

Nikaamua kusema ukweli. Naapa! Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Hapo hapo Yaya Léonie akanivuta pembeni, akanipa pole, akafungua mkoba, akaniwekea kitabu mikononi.

Nikafunga mdomo.

Nilisoma kurasa mbili nyuma ya choo. Mbili tu! Tirva alikuwa anafunga kapu lake, anajiandaa kuondoka. Halafu Mama akarudi kutoka sokoni.

Hapa sifanyi mzaha. Mama aliyaona matawi kwenye kona, akaviona viti katika uwanja wake, akasimama. Wakamwambia ni shemeji yake Moussa. Akaangusha kikapu, akajitupa vumbini. Alilia kwamba ni Moussa aliyetulisha Baba alipokufa, kwamba ni Moussa aliyenisomesha mimi, kwamba hakupata hata kumshukuru vizuri. Sikujua kama anampenda vile. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwendea, nikamshika bega, nikaanza: Mama, sikia. Akanikumbatia kwa nguvu zake zote, akasema tumebaki yatima sisi. Kitabu kilikuwa ndani ya shati langu, kikanibana mbavuni. Nikanyamaza. Naona aibu kuliandika hilo. Nimeliandika.

Chadia hakulia. Alinitazama tu, kisha akachukua simu na kumpigia Baba Mkubwa. Simu imezimwa. Akanitazama tena, safari hii kwa hofu, kana kwamba labda nimemuua kweli.

Kumbe Baba Mkubwa alikuwa njiani! Mteja wake mmoja alipita Hewa Bora, akaona matawi kwenye kona, akampigia: kwa Mama Sofia, yaani mama yangu, kuna kilio. Baba Mkubwa hakuuliza kilio cha nani. Mtu mwenye adabu haulizi kwa simu. Alifunga duka, akapanda gari na vumbi lake lote, na simu ikaisha moto, yaani chaji, njiani.

Aliingia getini baada ya alasiri, mikono kichwani, analia kwa sauti ya kutikisa mabati. Kwetu unalia kwanza, unauliza baadaye. Akapita katikati ya viti, leso usoni. Watu wakainamisha vichwa kwa heshima. Akaketi kwenye mkeka wa wanaume, ubavuni pangu! Akanishika mkono. Niseme ukweli, alilia vizuri. Wote waliomlilia leo, hakuna aliyefikia kiwango chake. Kisha akapangusa macho, akaniinamia sikioni, akauliza taratibu: "Abibu, mutoto yangu, njo nani alikufaka?"

Baba Mkubwa hajui kunong'ona. Uwanja mzima ulisikia. Mama aliinua kichwa, akamwona, akapiga ukelele wa jina lake. Nusu ya watu walikimbia. Mama jirani aliruka jiko la makaa, na si mwembamba. Baba Mkubwa akasimama, amechanganyikiwa, akawaita: "Juu ya nini munakimbia? Mi niko muzima!" Chadia akamweleza polepole kwamba marehemu ni yeye. Akauliza: "Ni mimi njo nilikufa?" Akaketi tena. Alitaka kufikiri.

Na Dominique? Hakukimbia. Alipanda juu ya kiti cha plastiki, kidole hewani, uso unang'aa. "Munaona?" akapiga kelele. "Kilio kinafungua mulango!" Wanachama waliobaki wakapiga makofi!

Mpango wangu! Uwanja wangu! Baba mkubwa wangu! Vyote vimetumika kuthibitisha nadharia yake. Hilo liliniuma kuliko kofi la Mama, lililofuata mara moja. Kwa kofi hilo kitabu kikaponyoka kwenye shati, kikaanguka mbele ya kila mtu. Yaya Léonie alikiokota, akakipangusa vumbi, akakirudisha mkobani. Wauguzi ndivyo wanavyogomba.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Mama hasemi nami. Anamwambia Chadia, Chadia ananiambia. Ujumbe wa leo: njia ya mwongo ni fupi. Nimejibu, kupitia Chadia, kwamba yangu ilifika mpaka Kipushi. Sikupewa chakula cha mchana.

Mwenye furaha ni Baba Mkubwa. Amekataa kurudi kwake! Anasema watu wote hufa bila kujua nani atawalilia, na yeye amepewa nafasi. Ameketi chini ya turubai anapokea wageni. Anawauliza kila mmoja alilia kwa muda gani. Mama jirani anaketi karibu naye na kumgusa mkono mara kwa mara, ana uhakika bado si mtu kamili. Mama amemchinjia kuku wawili. Mimi nimeonyeshwa mifupa.

Jioni Dominique alikuja kuchukua viti na turubai. Nilitegemea dhihaka. Hapana. Alikaa nami, akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba nakitaka kitabu kiasi kile. Wiki ya zamu yake ana karatasi za mitihani za kusahihisha, hata muda wa kusoma hana. "Ungeniomba tu, ndugu yangu," akasema. "Ningekupa."

Mtego! Mtu gani anatoa zamu yake kwa sababu ameombwa? Nilimjibu kwamba mimi si ombaomba. Akacheka, akabeba viti. Mjanja sana yule.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Hukumu, Karavia. Yaya Léonie alisema mbele ya wote kwamba anayedanganya likelemba anakwenda mkiani. Sasa mimi ni wa tisa. Nyuma ya Ruphin! Ruphin anayesoma kwa kufuata kidole na akifika mwisho wa mstari anaurudia!

Nilitakiwa kuomba radhi. Niliomba. Hotuba fupi, ya kiume, yenye kugusa. Nilipofika sehemu inayoeleza kwamba uongo pia una uzito, na kwamba hilo linaiimarisha Nadharia ya Mzigo, niliambiwa niketi.

Kisha wakapiga kura juu ya nadharia zenyewe, wakati mimi bado nina uchungu. Kilio: saba. Mzigo: moja. Ruphin alikuwa anafikiria. Baba Mkubwa, aliyekuja kama mgeni wa heshima na kunywa soda mbili, alidai apige kura naye. Ya nane kwa Kilio. Eti yeye ni shahidi!

Kabla ya kuondoka alinishika shingo, akanibana kwapani pake, akaniambia kwamba siku atakayokufa kweli nitalia peke yangu siku nzima, na wengine watapumzika. Nikasema ndiyo, Baba Mkubwa. Nilifurahi kuwa ananishika shingo. Mtu mzima kabisa, ananuka unga na jasho. Sijui kwa nini machozi yalinilengalenga. Vumbi.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Kitabu kinazunguka. Yaya Léonie anakisindikiza mwenyewe kutoka nyumba hadi nyumba. Nilijitolea kukibeba, kwa wema tu. Alinitazama mpaka nikakumbuka kazi nyingine.

Nachunguza nyuso. Kila anayemaliza anarudi na tabasamu lile lile. Jumamosi iliyopita nilimkazia macho Dominique kwa soda tatu. Hakuna kitu! Aliniuliza tu hali ya Mama. Sasa fikiria. Kama kitabu kingethibitisha Kilio, angejisifu. Hajisifu. Kwa hiyo kimethibitisha Mzigo! Anaumia kimyakimya, maskini. Nimeanza kuandaa hotuba ya ushindi. Nitamtaja kwa heshima.

Mama ameanza kusema nami. Neno la kwanza lilikuwa "mizani". Nilimpelekea mbio.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Nimekimaliza! Ruphin alikileta Jumamosi, kimepauka kila ukurasa pale kidole kilipopita. Sikwenda sokoni. Nilisoma uani, Chadia akinipitishia ufagio miguuni kwa makusudi.

Kurasa mia sita. Wenye nguvu wa dunia zote tano wanakutana mbele ya ukuta wa mwisho. Wanaupiga kwa njaa. Wanaupiga kwa majina ya wafu, wanaupiga kwa mvua. Ukuta hata vumbi hautoi. Wanalia, na kilio hakisaidii pia (nilipiga kelele za furaha, Mama akatoka kuangalia). Ndipo Tirva anafika. Anatua kapu. Anabisha hodi. Sauti upande wa pili inauliza ni nani. Anasema ni mimi, naomba kupita. Wanamfungulia.

Basi! Ndiyo hiyo! Ameomba! Tena Tirva anawageukia wale wakubwa wote na kuwaambia kwamba mlango haukuwahi kufungwa kwa ajili yao, ila katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyebisha.

Niliweka kitabu magotini. Kuna kitu kilinigusa hapa kifuani. Nilihisi kabisa kwamba kuna funzo limekaribia, kwa hiyo nikatulia nikingoja lipite.

Likapita.

Ni wazi kwamba mwandishi amechoka. Hilo si jibu! Halina kanuni, halina gharama, halina mizani. Mtu yeyote anaweza kuomba! Lakini tazama ukweli ulivyo na nguvu: kabla ya kubisha, Tirva anatua kapu. Kwa nini alitue? Kwa sababu ya uzito! Nadharia yangu iko pale pale kwenye ukurasa, mwandishi mwenyewe ameipita bila kuiona. Anahitaji msaada wa sentensi chache.

Nimeziandika. Ukurasa mmoja, kwa mkono wangu mzuri wa kalamu nyeusi, ukingo umenyooka. Nitaubandika juu ya ule wa kwake kabla ya mjadala wa Jumamosi. Wenzangu wameshasoma, najua. Lakini kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu, na kitabu kitakuwa mezani, kimefunguliwa.

Kinachokosekana ni gundi. Gundi nzuri iko kwa Dominique, anaitumia shuleni. Chadia amesema niende nikamwombe. Kumwomba! Dominique!

Nimemtumia ujumbe kwamba duka la Baba Mkubwa limeungua jana, na kwamba tunaunganisha upya picha za familia. Ni moto mdogo tu, na hakuna aliyekufa. Mtu hujifunza.